Nyavu Zinapokwama: Safari ya Kuuliza Kilicholala Chini ya Ziwa Tanganyika

Jumamosi, Tabora

Nimelala Tabora nikisubiri treni ya Kigoma, makaratasi yangu yametandazwa kitandani. Ninakwenda Ziwa Tanganyika na swali hili: kabla mtu hajachomeka nguzo, hajalaza waya wala hajachimba kina cha gati kwenye sakafu ya ziwa, ni nani ametazama kilicholala pale, na ametazama kwa njia gani?

Swali hili lilinipata mbali na hapa. Niliwahi kufanya kazi na timu ya wanaakiolojia mashariki mwa Uingereza, kwenye miradi ya umeme wa upepo baharini. Kazi yangu ilikuwa kusoma tope. Linachotwa kwa bomba refu chini ya Bahari ya Kaskazini, bomba linapasuliwa kwa urefu, na tabaka zinaonekana moja juu ya nyingine. Juu kuna mchanga wa bahari wenye makombe. Chini yake udongo mweusi wa mboji, wenye vipande vya matete na chavua ya miti. Pale ambapo leo meli zinapita palikuwa na misitu na vijito, na watu waliowinda humo. Wataalamu wanaiita nchi hiyo Doggerland. Iliunganisha Uingereza na bara la Ulaya hadi maji yalipoimeza yote, kiasi cha miaka 8,000 iliyopita.

Namna nchi hiyo ilivyoanza kujulikana ndiyo iliyonileta huku. Mwaka 1931 meli ya uvuvi iitwayo Colinda ilivuta wavu wake ukapanda na bonge la mboji. Walipolipasua wakakuta ncha ya chusa yenye meno, imechongwa kwa pembe ya mnyama wa jamii ya kulungu. Mvuvi alitangulia, vyombo vya kisayansi vikafuata miaka mingi baadaye. Kwa hiyo Kigoma nitaanzia mialoni.

Nimechagua siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti. Wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, na mtu anayeshona wavu anakumbuka ulichanikia wapi.

Jumapili, njiani

Urambo, Kaliua, Nguruka. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na muda mfupi baadaye ikabeba meli nzima vipande vipande. Nitalisema hilo kesho.

Uvinza nimeshuka kunyoosha miguu. Chumvi ya hapa imechemshwa tangu Zama za Chuma za mwanzo, karne ya 5 au 6, kama uchimbaji wa kiakiolojia wa mwaka 1967 ulivyoonyesha. Chumvi hiyo ilikwenda hadi ziwani na kuvuka kwa mitumbwi. Mitumbwi huzama. Watu wakisema urithi wa chini ya maji, mawazo hukimbilia meli za chuma za Wazungu zenye majina na tarehe. Mtumbwi wa mti mmoja, pamoja na vyungu vyake na mwenye mali wake, hauna daftari lililoandika kuzama kwake. Utaonekana tu kama kuna mtu amekwenda kuutafuta.

Jumatatu, Kigoma mjini

Asubuhi nimepita stesheni ya zamani ya Wajerumani, nikateremka hadi bandarini kumtazama bibi kizee wa ziwa hili, MV Liemba.

Ilijengwa na Meyer Werft huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa, ikafungwa ndani ya makasha kama 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli. Iliunganishwa upya Kigoma na kuteremshwa majini Februari 1915, meli ya mita 71 kwenye ziwa lisilo na njia ya kufika baharini kwa meli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipewa mzinga uliotolewa kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyoishia delta ya Rufiji. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji ziliipiga Kigoma kwa mabomu. Julai 26 mwaka huohuo Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe karibu na Mto Malagarasi unapoingia ziwani, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nene. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua Machi 1924, wakaikarabati, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Watu wengi wanaisimulia habari hii kama ya meli iliyofufuka, na ni habari ya kusisimua kweli. Mimi inanipeleka kwenye yale mashimo mawili. Meli ya mita 71 ililala mahali, ikavutwa, ikalala tena mahali pengine, na kila mara watu walishuka na minyororo, nanga na vyuma vya kunyanyulia. Maeneo kama hayo yana historia yake hata baada ya meli kuondoka. Mhandisi atakayechora gati au njia ya bomba hataiona historia hiyo kwenye ramani ya kina cha maji asipoambiwa na mtu.

Mchana nimezungumza na afisa mmoja wa mazingira, mtu msikivu. Nilimuuliza mradi ukiingia majini tathmini ya athari kwa mazingira inauliza nini. Akanitajia samaki, mazalia, ubora wa maji, kelele, maisha ya wavuvi. Nikauliza malikale je? Akasema kipengele kipo, lakini kwa kawaida hujazwa kwa kutazama orodha ya makumbusho na majengo ya nchi kavu.

Tulikaa muda kwenye suala la sheria, kwa sababu hapo ndipo penye ufa. Sheria yetu ya Malikale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kilichozama mwaka 1916 hakimo mpaka kitangazwe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi wa chini ya maji umetumia kipimo kingine: kitu kiwe kimekaa majini angalau miaka 100. Kwa kipimo hicho mabaki ya vita vya ziwa hili yameshaingia. Lakini mkataba uliandikwa ukiwa na bahari mawazoni, na kanuni zake zinayafikia maziwa na mito pale tu nchi mwanachama inapotamka hivyo. Vita vyenyewe vilipiganwa kwa nguvu hapa: meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilitekwa Desemba 26, 1915, na mwenzake Hedwig von Wissmann ikazamishwa Februari 9, 1916, zote mbili upande wa Kongo.

"Kwa hiyo ziwa linakaa katikati ya karatasi mbili," afisa akasema. Niliandika maneno yake palepale.

Jumanne, Ujiji

Kwenye bustani ya kumbukumbu ya Livingstone kuna mnara na miembe, na hapo wageni huelezwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone Novemba 1871. Nimesikiliza, nimeshukuru, kisha nikamwomba mzee mmoja wa mtaani tutembee hadi ziwani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama viatu vyangu, akasema, "Twende, mwanangu, lakini ni mwendo."

Ni mwendo kweli. Nyumba, vichochoro, bustani za mboga, kisha mchanga. Mji uliokuwa bandari kuu ya ziwa hili umeachwa na maji.

Nilisimama njiani nikamsimulia mzee alichoandika Stanley aliporudi mwaka 1876. Michikichi iliyokuwa sokoni Ujiji mwaka 1871 aliikuta imesimama ndani ya ziwa, kama futi 100 kutoka ukingoni. Ufuko ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea asubuhi ulikuwa zaidi ya futi 200 ndani ya maji. Ziwa lilikuwa likipanda kwa sababu mlango wake wa kutokea, Mto Lukuga ulioko Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Muda si mrefu baadaye kizuizi kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa kiasi cha mita 10.

Mzee alifikiri, akasema, "Basi hapa tulipo palikuwa maji."

Ndiyo. Na kabla ya kuwa maji palikuwa soko. Ufuko uliopokea misafara ya pembe za ndovu, na watu waliouzwa kama bidhaa, umefunikwa na maji, ukafunuliwa, na sasa umejengewa nyumba za udongo na bati. Akiolojia ya bandari ya Ujiji iko nchi kavu, chini ya matuta ya mihogo ya watu.

Nimelitafakari hili siku nzima. Kwenye mashamba ya upepo ya Bahari ya Kaskazini tulichora mstari kuzunguka eneo la mradi, kisha tukauliza kila kitu kilichomo ndani ya mstari. Maji kule yamepanda polepole kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo ukingo wa leo ni ukingo unaoweza kuutegemea ukifanya kazi. Huku ziwa limepanda na kushuka kwa mita nyingi ndani ya maisha ya mtu mmoja. Miaka ya hivi karibuni limepanda tena. Mzee alinionyesha alama kwenye ukuta wa ghala lililoachwa, juu ya goti langu, akaniambia jamaa zake kadhaa wamehama. Tathmini inayoanzia pale maji yanapogusa mchanga leo itaacha nje nusu ya mambo: bandari ya zamani iliyoko nchi kavu, na nyumba za mwaka 2019 ambazo sasa samaki wanapita mlangoni.

Watu waliohama wameacha makaburi huko chini. Mzee aliponiambia hivyo alinyamaza, nami sikuuliza zaidi.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Mama mwenye nyumba aliniuliza ninatafuta dhahabu ya Wajerumani? Nikamjibu ninatafuta magogo. Alicheka, kisha akasema kwa uzito kabisa kwamba marehemu baba yake alikuwa mvutaji wa kokoro, wavu wa kuburuta hadi ufukweni, kabla halijapigwa marufuku, na kwamba kuna mahali karibu na Katonga walipokuwa wakipaita kwa Chuma. Nimeandika.

Jumatano, Katonga

Upepo wa kusini umeamka vibaya. Hakuna boti iliyotoka. Tumekaa chini ya kibanda cha wavuvi, wao na nyavu, mimi na daftari, na siku ikageuka darasa la pande zote mbili.

Kwanza wao walinifundisha. Wavu wa dagaa hauijui sakafu, unaning'inia katikati ya maji. Wanaoijua ni wa nyavu za kutega chini na wazee wa kokoro. Nao wanatofautisha: jiwe linakata nyuzi, mti unashika na kuachia ukizunguka upande wa pili, chuma kinaacha kutu kwenye kamba. Mahali wanapaweka kichwani kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, kilima kikae juu ya paa fulani na mwembe ufunike kona ya ukuta. Alama zikikutana, upo juu ya kitu. Mzee mmoja alinipa sehemu tano mfululizo, macho kafumba.

Kisha kijana mmoja, fundi wa injini za boti, akaniuliza, "Huo umeme wa upepo, kaka, wanaufunga vipi baharini? Na unamhusu nini mtu wa vitu vya kale?"

Nilimchorea mchangani. Shamba la kwanza la upepo baharini lilijengwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991, mitambo yake ilikuwa 11 tu na midogo. Siku hizi nguzo moja ni bomba la chuma lenye kipenyo cha mita nane, hata kumi, linapigwa kwa nyundo kubwa hadi limezama mita 30 au zaidi kwenye sakafu. Likishapigwa, kilichokuwa chini yake hakipo tena. Mkondo wa maji ukigonga nguzo unazunguka na kuchimba mchanga pembeni, na mabaki yaliyokuwa salama chini ya mchanga yanabaki wazi. Kati ya nguzo na nguzo kuna nyaya, zinafukiwa kwa mtaro kama kina cha mita moja au mbili, kilomita baada ya kilomita. Juu ya hayo kuna meli za ujenzi zinazosimama kwa miguu ya chuma na kutupa nanga. Anayefikiria nguzo peke yake amehesabu sehemu ndogo ya athari.

"Na mkikuta kitu, nguzo inahama?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa safari hii. Inahama, kama limeulizwa mapema. Hapo ndipo kazi nzima ilipo. Kwanza mtu anakusanya kila kilichoandikwa na kusimuliwa kuhusu eneo. Kisha boti inapita na sona ya kuchora sakafu kwa sauti, kipima-sumaku cha kusaka chuma, na chombo kinachotuma mlio hadi ndani ya tope na kuonyesha mabonde yaliyofukiwa. Boti hiyohiyo inatafuta mabomu ya vita ambayo hayakulipuka, kwa hiyo mwanaakiolojia na mtu wa usalama wanasoma nukta zilezile. Mhandisi anapochagua mahali pa kuchotea sampuli za udongo, mwanaakiolojia anapaswa awe amekaa pembeni yake, kwa kuwa bomba lilelile linaloonyesha kama nguzo itasimama linaweza kuonyesha pia kama watu waliishi pale. Mahali penye mabaki panazungushiwa duara la kutoguswa, na nguzo inasogezwa. Uingereza walitoa mwongozo wa mambo haya mwaka 2007, na mwaka 2010 ukafuata utaratibu wa kuripoti vinavyookotwa wakati kazi inaendelea: mfanyakazi akiona ubao au mfupa wa ajabu kwenye sitaha anasimama, anapiga picha, anauhifadhi ndani ya maji ya bahari, anatoa taarifa.

Mchoro ukishapitishwa na chuma kikishanunuliwa, kusogeza nguzo kunagharimu fedha ambazo hakuna atakayekubali kuzitoa kwa ajili ya gogo. Nilimwambia kijana hivyo, akaitikia kwa kichwa. Injini pia ukiifungua mapema unaokoa kitu, akasema.

Wakaniuliza kama tathmini hizo zimewahi kuokota chochote cha maana. Niliwapa habari ya U-31, nyambizi ya Ujerumani iliyoondoka Januari 1915 na watu 35 na isirudi. Kwa karibu miaka 100 hakuna aliyejua iliko. Mwaka 2012 uchunguzi wa sakafu kwa ajili ya mashamba ya upepo uliikuta mashariki mwa Uingereza, kina cha mita kama 30, mbali na pwani. Ni kaburi sasa, na linajulikana lilipo. Nikawapa na ya pili: mwaka 2007 na 2008 mkusanyaji mmoja Uholanzi aliokota shoka za mawe za kale kwenye rundo la kokoto zilizochimbwa baharini karibu na Great Yarmouth. Uchimbaji wa eneo lile ulisimamishwa kwa ajili hiyo, lakini shoka zilikuwa zimeshang'olewa mahali pake.

Hakuna mtu aliyenieleza mpango wa kusimamisha mitambo ya upepo ndani ya ziwa hili. Umeme wa upepo tulionao nchini ni wa nchi kavu, kama Mwenga kule Mufindi. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na karibu na Kigoma sakafu inaporomoka haraka. Lakini gati, mabomba ya maji, nyaya na kuta za kuzuia mawimbi vinajengwa palepale kwenye ukanda mwembamba wa maji mafupi, na ukanda huo mwembamba ndiko watu wa zamani walikopaki mitumbwi yao. Kwa upande huo ziwa lenye kina kirefu lina hatari kubwa kuliko bahari pana. Huku hakuna mahali pa kusogeza.

Alhamisi, Malagarasi

Upepo umelala usiku. Tumeondoka alfajiri na boti ya injini kuelekea kusini, nahodha, kijana fundi na mimi.

Maji ya Malagarasi yanaonekana kabla ya kuufikia mto: rangi ya chai inaingia kwenye bluu na mstari wa povu unakata kati yao. Hapa sakafu ni laini na pana, mto umeleta tope tangu enzi na enzi. Tulishusha kamba yenye uzito mahali pengi nikipima kina na kuandika kilichong'ang'ania kwenye uzito: tope la kijivu, tope jeusi, mchanga wa mica, tope jeusi tena lenye nyuzi za mimea.

Tope hilo jeusi lilinifurahisha kuliko ambavyo chuma chochote kingenifurahisha. Wakati wa baridi kali ya mwisho ya dunia, miaka kama 20,000 iliyopita, ziwa hili lilikuwa chini kwa zaidi ya mita 200. Mto uliendelea mbele, juu ya ardhi ambayo sasa ni ziwa. Kulikuwa na kingo, na penye kingo za mto mkubwa palikaliwa na watu. Ni Doggerland yetu, na haina hata jina. Mita 200 ni kina ambacho hakuna mzamiaji wa kawaida atakifika, kwa hiyo tunachoweza kuchunguza sasa ni ngazi za juu tu. Ila maji yenyewe yanafanya kazi nzuri. Mdudu wa baharini anayetoboa mbao za majahazi hayupo kwenye maji baridi, na chini ya mita 100 hadi 200 ziwa hili halina oksijeni, kwa hiyo kuoza kunakwenda polepole sana. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kwenye maporomoko ya Kalambo, kusini mwa ziwa hilihili, magogo mawili yaliyochongwa yakapandana yana umri wa miaka 476,000. Yalidumu kwa sababu yalikaa kwenye udongo wenye maji. Anayesema mbao haziwezi kudumu Afrika ya tropiki amejibiwa.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kuandika swali moja kwenye fomu ya tathmini ya mradi wa ziwani, sitauliza kama kuna meli iliyozama. Nitauliza tope lina tabaka gani, na nani atalisoma kabla halijatupwa.

Nahodha alituzungusha juu ya sehemu tatu za wazee. Mbili uzito ulishuka bila habari. Ya tatu kamba ilishika, tukazunguka, ikaachia upande wa pili. "Mti," kijana akasema. Nilirekodi mahali kwenye simu na alama za nchi kavu kwenye daftari. Hatukushuka wala kuvuta. Huo ndio utaratibu: kitu kikae kilipo mpaka kuwe na sababu na uwezo wa kukitoa.

Tukila mihogo ya kuchoma ufukweni nahodha alielekeza kidole kusini akataja Kabogo. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba wapiga makasia wakipita rasi hiyo walitupa shanga na nguo majini kumtuliza mwenye ziwa. Nahodha hakupenda kulieleza sana. Alisema tu, "Pale watu wanapita kwa adabu." Mwaka 2010 huko Marekani Wawampanoag, wenyeji wa asili wa pwani ile, walieleza kwamba mitambo ya upepo iliyopangwa Nantucket Sound ingeziba mapambazuko wanayosalia na kusimama juu ya ardhi ya mababu iliyozama, na mamlaka ya urithi ikakubali kwamba ghuba yote inastahili kuorodheshwa. Hapo hapakutakiwa kipande hata kimoja cha mbao. Shanga za Kabogo, kama zipo, ni ushahidi mdogo. Adabu ya nahodha ni ushahidi mkubwa zaidi, na sona haitaichora.

Ijumaa, Kibirizi

Baada ya sala ya Ijumaa tumekaa na viongozi wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni), nahodha na wazee waliokubali kuja. Nilitandaza karatasi kubwa yenye mstari wa pwani na nukta za mikwamo yote niliyopewa, kutoka kaskazini ya mji hadi Malagarasi. Walizisahihisha kwa saa nzima. Nukta ya kwa Chuma ilisogezwa kusini, nyingine mbili zikaunganishwa kuwa moja. Mama mmoja mkaushaji dagaa, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema tumesahau gati la mawe lililomezwa na maji nyuma ya vichanja vyake. Hakuna mwanamume pale aliyekuwa amelitaja. Tukaliongeza.

Ubishi mkali ulikuja kuhusu nani ataishika karatasi. Katibu alitaka ibandikwe ofisini wanakijiji waione. Mzee wa kokoro akakataa kwa sauti: wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila mwezi, na karatasi ya namna ile ukutani ni mwaliko. Nilikuwa upande wake. Mabaki yaliyovumilia karne nzima majini yanaweza kumalizwa na watu wanne na winchi kwa wiki moja, na wao hawatajaza fomu yoyote.

Mwishowe wamekubaliana hivi. Karatasi yenye nukta kamili itakuwa na nakala mbili, moja kwenye sanduku la BMU lenye funguo mbili kwa watu wawili, nyingine itapelekwa idara ya malikale. Ofisi ya mazingira itapata ramani yenye maeneo mapana bila nukta, na maandishi kwamba mradi wowote unaogusa maeneo hayo lazima uje Kibirizi kuuliza kabla ya kuchora. Sehemu kati ya miembe ya Ujiji na maji imetiwa rangi pia, ingawa ni nchi kavu. Afisa wa Jumatatu alipopigiwa simu alisema ataipokea Jumatatu asubuhi, na akauliza kama yule mama wa vichanja anaweza kufika naye.

Mama amesema atakwenda, ila kwa boti ya saa mbili, si ya saa nne, kwa sababu dagaa wakianikwa hawasubiri ofisi.